Mikate Mitatu ya Injinia Rigoberto

Jumapili ya kwanza ambayo Nicasia Ccoyo hakufika sokoni, wanawake wa safu ya wafumaji walipafagia mahali pake kama kawaida, wakapaacha wazi. Alikuwa amezikwa Ijumaa. Kushoto kulikuwa na soksi za sufu ya alpaka, kulia kulikuwa na kofia zenye masikio, na katikati yalikuwepo mawe manne ya sakafu yaliyopigwa na jua tu. Wateja waliomzoea walifika, wakatazama chini, wakavua kofia, wakaenda kunywa supu bila kuuliza bei ya kitu chochote.

Soko la Wayllapata halijui kukaa kimya, na siku ile pia halikukaa kimya. Lakini lilikuwa linaongea kama watu walioambiwa kuna mgonjwa chumba cha pili.

Mtu mmoja tu ndiye hakuona msiba pale. Yeye aliona nafasi.

Aliitwa Rigoberto Salcedo, mzaliwa wa Lima, kule pwani, na alijitambulisha kwa cheo cha Injinia. Ukweli lazima usemwe: hakuwahi kujenga hata banda la kuku. Lakini huku milimani mtu mwenye viatu vinavyong'aa na kalamu mbili mfukoni ni lazima awe ama injinia ama daktari, na Rigoberto akiona damu huanguka. Alikuwa amepanda Wayllapata kuuza mafuta ya kuotesha nywele. Biashara hiyo ilikuwa na kasoro moja. Mwenyewe alikuwa na upara, na upepo wa huku hauheshimu kofia ya mtu.

Alikuwa anaikimbiza kofia yake kwa mara ya tatu aliposikia mazungumzo kwenye meza ya soksi.

"Amekufa? Haiwezekani! Mwezi uliopita tu tumeongea!" alisema bwana mmoja mnene aliyevaa koti la ngozi.

"Ndiyo hivyo, bwana," alijibu muuza soksi. "Mwezi huu haongei."

"Na shuka alizofuma? Zile alizoacha?"

"Muulize binti yake, Fortunata."

Bwana yule akashusha sauti. "Huyo binti anajua thamani yake?"

Muuza soksi alimkazia macho mpaka bwana mwenyewe akainamia soksi na kujifanya anatafuta saizi.

Bwana huyo alikuwa Baldomero Tisoc, mwenye duka la kazi za mikono kule Cusco, ambako watalii hulipa bila kuuliza mara ya pili. Nicasia alipokuwa hai, shuka yake ilikuwa shuka. Sasa kwa kuwa amekufa, Baldomero aliiona tayari ipo kwenye kioo cha duka, chini ya taa, na kibao kidogo kimesimama mbele yake.

Rigoberto akaiacha kofia iende zake. Alimfuata Baldomero mpaka kwenye benchi la supu, akaketi kando yake na kupumua kama mtu anayetua mzigo.

"Pole kwa msiba, bwana," akasema.

"Asante. Nawe ulikuwa nani kwake?"

"Mimi?" Rigoberto akatoa leso. Alikuwa na leso maalumu kwa kazi hiyo. "Alikuwa mama yangu wa ubatizo. Niko hapa nasikia watu wanaulizana habari za shuka, na moyo unaniuma, maana saba za mwisho ziko kwangu. Aliniambia, 'Mwanangu, Fortunata ana moyo mwepesi, atazigawa bure. Zitunze wewe.'"

Baldomero aliweka kijiko chini. Supu ilikuwa ya kichwa cha kondoo, na jicho lililokuwa ndani ya bakuli lilimtazama Rigoberto kwa mashaka zaidi kuliko mwenye bakuli.

"Bwana mdogo," akasema, "mimi nimeshaingizwa mjini na watu wenye leso. Mwaka juzi niliuziwa mguu wa mfalme wa Inka. Ulikuwa wa ng'ombe."

"Watu wabaya sana hao."

"Sana. Kwa hiyo sikiliza. Siku nitakayosikia wanawake wa soko hili wanakuita mtoto wa Nicasia, mchana, mbele ya watu wote, siku hiyo nazichukua zote saba. Na binti asijue. Kabla ya hapo, sitaki hata kuona uzi."

Rigoberto akainama kwa heshima. Ndani ya kifua chake ngoma zilikuwa zinapigwa.

Siku iliyofuata alishuka Juliaca, kwenye maghala ya jumla, akanunua shuka saba zilizofumwa na mashine, zenye uzi unaoyeyuka ukiusogeza karibu na mshumaa. Akakata lebo. Akazifukiza moshi, akazikanyaga kwa miguu yote miwili, kisha akazitandika siku mbili kwenye banda la simbilisi la mama mwenye nyumba ya wageni. Simbilisi walifanya sehemu yao ya kazi bila malipo. Zilipotoka zilikuwa na harufu ya miaka mia.

Alhamisi alikuwa mlangoni kwa Fortunata.

Fortunata alikuwa amekaa uani akipukuchua mahindi. Pamoja naye alikuwepo Mama Grimanesa, muuza supu na mkubwa wa wanawake wa soko, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia na hakuna aliyewahi kumwona akichelewa.

"Dada yangu!" Rigoberto akapiga magoti. Leso ilikuwa imeshatoka. "Dada yangu kwa maji ya ubatizo! Nimesikia nikiwa mbali, nikasema, mguu wangu, ukinivunjikia njiani nitakwenda kwa mwingine!"

Fortunata alimtazama. Mama yake alikuwa na watoto kumi na mmoja wa ubatizo. Alijua majina ya wote, na nani kati yao aliugua surua.

"Ulibatizwa lini, kaka?"

"Siku ya mvua."

"Wapi?"

"Kanisani, dada."

"Mama alishikaje mshumaa?"

"Aliushika..." Rigoberto akafumba macho kwa hisia. "Aliushika kwa mkono wa kulia. Sitausahau mkono ule."

Fortunata akasimama, na gunzi alilokuwa nalo mkononi halikuwa tena gunzi la kupukuchua. Hapo Mama Grimanesa akamkanyaga mguu. Hakumkanyaga kidogo.

"Karibu, mwanetu," akasema Mama Grimanesa. "Umechelewa mazishi, lakini hukuchelewa kila kitu. Unatamani nini?"

"Sitaki mali, Mama. Sitaki chochote. Natamani tu Jumapili, pale sokoni, watu wajue mimi ni mtoto wake. Waseme kwa mdomo wao. Basi."

"Ni hilo tu?"

"Hilo tu linanitosha mpaka kufa."

"Basi Jumapili, saa nne. Uje na njaa."

Alipoondoka, akipangusa magoti yake, Fortunata akageuka.

"Mama Grimanesa, umerogwa? Yule ni tapeli."

"Tapeli kabisa. Tena wa daraja la pili, hajui hata mshumaa wa ubatizo hushikwa na mikono miwili. Keti."

"Sikai. Mtu hatafuti mama aliyekufa kama hana kitu cha kuuza kwa jina lake."

"Atauza. Kuna yule mnene wa Cusco aliyekuwa ananong'ona naye mezani kwangu. Wanadhani anayechota supu hana masikio. Waache wauziane. Jina la shuka halitatoka mdomoni mwa yeyote kati yetu. Sasa mimi nikuulize wewe. Sikukuu ya Bikira nani anaibeba?"

Fortunata akakaa.

Hilo ndilo lilikuwa jiwe lililomlalia kifuani tangu Ijumaa. Mwaka uliopita mama yake alikuwa amekula mkate mbele ya watu, akakubali kubeba sikukuu ya Julai: bendi, chakula cha siku tatu, na fataki. Huku kwetu kifo hakifuti mkate. Mkate humfuata mtoto. Na siku ya pili ya sikukuu ndipo wanawake hugawa nafasi za soko kwa mwaka mzima. Nyumba iliyoangusha sikukuu hainyimwi salamu, hainyimwi maji, lakini nafasi hupewa mwingine. Nicasia alikaa pale miaka thelathini na minne. Fortunata alikuwa ameshauza ng'ombe kwa ajili ya mazishi. Akiuza na kondoo bado bendi ingekuwa na ngoma moja, na mpigaji wake ana kikohozi.

"Mtu akija kwa miguu yake kuomba kurithi mama," akasema Mama Grimanesa, "si vibaya kumrithisha na mzigo wake."

"Huo si wizi, Mama?"

"Wizi gani? Mimi nakaribisha mgeni mkate. Anayejua, asile."

"Nitamwambia anaweza kukataa."

"Mwambie. Mwambie mara mbili, uwe na amani. Mtu wa pwani aone mkate mtamu wa bure akatae?"

Jumapili saa nne, safu nzima ya wafumaji ilikuwa imesimama. Wauza viazi walikuwepo, wauza pilipili walikuwepo, dereva wa lori alikuwepo, na wapiga tarumbeta sita walikuwa wameegemea ukuta wa kanisa kama watu wasio na shughuli. Rigoberto alikuja amechana nywele zote kumi na mbili. Baldomero alisimama nyuma, chini ya mwamvuli wa muuza jibini.

Mama Grimanesa akatoka na sinia. Juu yake kulikuwa na mikate mitatu ya duara, kila mmoja mpana kama kofia, yenye harufu ya bizari tamu, imepambwa kwa maua mekundu. Na chupa ya pombe ya mahindi.

Baldomero alipoiona mikate ile alitaka kukimbia, ingawa haikuwa yake. Alikuwa mtu wa Cusco; mtu yeyote aliyenyonyeshwa katika milima hii anajua sinia lile. Wanaume wazima wamewahi kuruka ukuta wa nyuma wakisikia linakuja. Mjomba wake mwenyewe alijifanya kiziwi miaka minne ili asiulizwe. Ukila umekubali, na ukikubali umebeba.

Kwa hiyo Baldomero alifikiri, tena alifikiri vizuri, kama mfanyabiashara wa miaka ishirini: hakuna tapeli chini ya jua anayeweza kuula mkate ule. Anayeula ni mtoto wa kweli, tena mtoto mwenye uchungu. Akatia mkono ndani ya koti, akaishika bahasha.

Kitu kimoja hakukiweka katika hesabu zake. Hakufikiri kwamba mtu anaweza kuwa tapeli na pia mjinga.

"Mtoto wa Nicasia!" Mama Grimanesa akasema kwa sauti ya kufika mpaka kwenye viazi. "Unaupokea mkate wa mama yako?"

"Kwa mikono miwili!"

"Unajua unachokula?"

"Mama, hata ungekuwa mawe ningetafuna!"

Fortunata akasogea karibu. "Kaka," akasema polepole, "unaweza kukataa. Kataa tu. Hakuna atakayekulaumu."

Rigoberto aliangalia nyuma ya bega lake, akauona mkono wa Baldomero ndani ya koti. "Nikatae mkate wa mama? Dada, unanionaje?" Akaumega, akauma.

Ulikuwa mtamu kweli. Tangu Alhamisi alikuwa akila biskuti. Aliumaliza ule wa kwanza bila kupumua, na wanawake wote wakapaza sauti: "Bendi!"

"Asanteni!" akasema Rigoberto, akidhani ni vigelegele.

Akala wa pili. "Chakula!" wakasema.

"Chakula kweli! Hongera kwa mpishi!"

"Kaka," akasema Fortunata, "wa tatu unaweza kuuacha."

"Tena huu ndio umeiva!" Akala wa tatu, akausukuma kwa pombe.

"Fataki!" soko zima likapiga kelele, na watu wakamkumbatia, wakamwagia maua kichwani, wakamwita mtoto wa Nicasia, kijana wa Nicasia, mfupa wa Nicasia. Baldomero alikuwa analia waziwazi. Alimvuta Rigoberto nyuma ya kanisa, akapokea bunda la shuka, akampa bahasha, na hakubishana bei. Hilo halijawahi kutokea tangu duka lake lifunguliwe.

Dakika tano baadaye Injinia alikuwa kwenye lori, mguu mmoja juu ya gurudumu.

"Unakwenda wapi?" akauliza dereva.

"Cusco. Upesi."

"Sikuchukui."

"Nalipa mara mbili."

"Hata mara kumi. Umekula mkate. Nikikutoa nje ya mji, mke wangu atanipikia mawe mpaka Krismasi. Na bendi inakungoja."

"Bendi gani?"

"Ya mkate wa kwanza."

Rigoberto akageuka. Wale sita wa tarumbeta walikuwa wamesimama mbele yake kwa mstari, wamevaa kofia vizuri.

"Bosi," akasema mkubwa wao, "siku tatu ni siku tatu. Na kulala, na nyama. Mpiga tuba hali kuku."

Mama Grimanesa alikuwa amefika. Hakuwa amekimbia.

"Mwanetu," akasema, "mama yako alikuwa amebeba sikukuu ya Bikira. Sasa umeipokea wewe. Bendi, chakula cha watu mia tatu, na mnara wa fataki wa ghorofa nne. Wengi huchukua mkate mmoja, kisha huomba msaada kwa iliyobaki. Wewe umechukua yote. Tumekuheshimu sana."

Rangi ilimtoka Rigoberto. Aliona njia moja tu, ya kusema kweli, na kwa kuwa hakuwa ameitumia miaka mingi aliianza kwa kigugumizi.

"Sikilizeni," akasema kwa sauti kubwa. "Kuna kosa. Mimi si..."

Hapo kutoka nyuma ya kanisa akatokea Baldomero, bunda la shuka saba begani, akiwa na mpwa wake, kijana mwenye shingo ya ng'ombe aliyeletwa kwa ajili ya kubeba vitu vizito.

"Wewe si nani?" akauliza Baldomero.

Watu wote walikuwa wanamsikiliza. Mpwa aliweka chini alichokuwa amebeba.

"Mimi si..." Rigoberto akamtazama mpwa. "Mimi si mtu wa kukataa bendi."

Tarumbeta zikalia.

Bahasha ilipita mikono mingi wiki zile, ya bendi, ya wapishi na ya fundi wa fataki, na Rigoberto aliisindikiza kila mahali kwa macho ya mfiwa. Alipangiwa chumba nyumbani kwa katekista. Wanawake walimletea supu kwa zamu asubuhi, mchana na jioni, na kila aliyeleta alikaa mpaka mwenzake afike. Alijaribu kula kona mara mbili. Mara ya kwanza alivaa sketi na kofia ya mama wa katekista, akafika mpaka darajani, ambako muuza mkaa alimposa. Mara ya pili alijifunga ndani ya gunia la viazi. Akapimwa pamoja na magunia mengine, na mnunuzi akalirudisha akisema viazi vya Wayllapata siku hizi vina chafya.

Baada ya hapo alitulia. Na lazima tumpe haki yake: mdomo ule, ulipolazimishwa kusema jambo la kweli, ulifanya kazi nzuri. Alimshawishi fundi wa fataki aongeze ghorofa ya tano bure. Alimshawishi mpiga tuba ale kuku.

Sikukuu ilikuja. Asubuhi ya kwanza, kanisani, padri alisoma karatasi kama inavyosomwa kila mwaka: "Sikukuu hii imebebwa na Nicasia Ccoyo." Kwa kuwa mkate ulianza kwake, jina linalosomwa ni lake. Fortunata hakuwa amelia mazishini. Kulikuwa na watu wa kulisha. Alilia pale, amesimama, na Mama Grimanesa akamshikia kofia.

Siku ya pili Baldomero akapanda kutoka Cusco, amevimba kwa hasira. Wiki tatu za jua kwenye kioo cha duka zilikuwa zimegeuza wekundu wa shuka ukawa rangi ya ulimi wa mgonjwa, na mtalii mmoja, bibi mwenye miwani, alikuwa amekuta kipande cha lebo kwenye pindo, akakisoma kwa sauti mbele ya wateja. Aliruka kutoka kwenye gari na bunda lake, akapita katikati ya wachezaji.

"Yuko wapi? Nimeuziwa shuka za uongo! Shuka za Nicasia!"

Mama Grimanesa akainua mkono, na bendi ikanyamaza.

"Pole sana, bwana. Shuka za Nicasia ulizinunua kwa nani?"

"Kwa..." Baldomero akaona nyuso mia tatu.

"Maana binti yake yuko hapa. Amekuwa hapa siku zote. Mbona hukumjia yeye?"

Hata punda walikuwa wamegeuza vichwa. Baldomero alimtazama Fortunata, na Fortunata alimtazama yeye, bila hasira, akingoja jibu kama mtu anayengoja zamu yake dukani.

"Nimekuja kucheza," akasema Baldomero.

"Karibu," akasema Fortunata. "Hizo unaweza kuziacha."

Akaziacha. Punda saba waliobeba nguzo za mnara wa fataki walivishwa shuka hizo, na watu walisema haijawahi kuonekana Wayllapata punda wenye harufu ile. Baldomero alicheza mpaka jioni, vibaya, na kila alipotaka kupumzika alikuta mwanamke mwingine amemnyooshea mkono.

Alasiri ileile wanawake walikaa uwanjani na kugawa nafasi za soko. Ilipofika zamu ya Nicasia, Mama Grimanesa hakuuliza swali. Alisema tu, "Fortunata," wakaendelea na wauza kofia.

Rigoberto aliondoka baada ya siku ya tatu. Mfukoni alikuwa na kalamu zake mbili, na katika sanduku chupa za mafuta ya nywele ambazo hakuna aliyetaka kumnyang'anya. Dereva hakumtoza nauli. Alipokuwa anapanda, katekista alimpa mkono akamwita Injinia, na wale wa bendi wakampigia wimbo mmoja bila kuambiwa. Wapo wanaosema lori lilipokata kona alikuwa anafuta machoni. Wapo wanaosema ni vumbi. Leso haikuwa ile ya kazi. Ile aliisahau kwa katekista.

Fortunata sasa anauza pale kila Jumapili. Bunda la shuka ni la watu wawili kubeba, na siku zote walilibeba yeye na mama yake; sasa anashuka kilima mara mbili: mara ya kwanza kabla ya jua, mara ya pili wateja wakiwa wameshafika.